Mgogoro wa Majukumu: Muuguzi Kati ya Mwana na Mgonjwa

Swali kuhusu migogoro hutokea mara kwa mara katika karatasi ya fasihi. Wengi hutaja nani aligombana na nani, kisha hukomea hapo. Kumbuka kwamba mgogoro mzito zaidi huenda usiwe na mgomvi: huwa ni haki mbili zinazovutana ndani ya moyo wa mtu mmoja. Somo hili litakuonyesha jinsi ya kuujadili.

Usuli

Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye serikali ilitangaza kufungwa kwa shule, na kuanzia tarehe 27 Machi kukawa na kafyu ya usiku. Watoto walishinda nyumbani. Nyanya ambaye angewalea alikuwa katika umri ulio hatarini zaidi. Muuguzi naye, akiwa mtoa huduma muhimu, alitakiwa kazini. Desemba mwaka huo wauguzi wa hospitali za umma waligoma, mavazi ya kujikinga na bima ya afya vikiwa miongoni mwa madai yao. Kinaya ni kwamba Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeuteua mwaka wa 2020 kuwa mwaka wa muuguzi na mkunga.

Hadithi ya zoezi (imetungwa kwa ajili ya somo hili)

Muuguzi anarejea nyumbani kutoka zamu ya usiku. Bintiye wa miaka minne anamkimbilia mlangoni. Mama anarudi nyuma na kusema:

"Simama hapo hapo, mwanangu. Mikono hii imefumba macho ya mama wa mtu usiku huu. Sharti ioge kwanza, ndipo iwe mikono ya mama yako."

Mtoto analia. Nyanya anamlaumu muuguzi kwamba amewachagua wagonjwa. Usiku ule wa zamu, wageni wakiwa wamekatazwa wodini, muuguzi alikuwa amemshikia mgonjwa simu ili aisikie sauti ya wanawe. Sasa analala chumba cha nje, na kila jioni humwimbia bintiye akiwa nyuma ya mlango uliofungwa. Mkobani mwake mna barua ya kujiuzulu ambayo hajaiwasilisha wala kuichana.

Maswali

(a) Eleza muktadha wa dondoo. (alama 4)
(b) Bainisha mbinu mbili za lugha katika dondoo. (alama 4)
(c) "Muuguzi huyu ni mzazi asiyejali." Kanusha. (alama 12)

Mwongozo wa majibu

(a) Taja msemaji (muuguzi), msemewa (bintiye), mahali (mlangoni, nyumbani) na sababu (anamzuia asimkumbatie asije akamwambukiza).

(b) Tashihisi: mikono inapewa uwezo wa kuoga. Tasfida: kufumba macho ni njia ya staha ya kueleza kifo. Takriri ya "mikono" na "mama" pia itakubaliwa.

(c) Hoja zako ziwe kama hizi:
- Kumkataza mwana asimguse ni kumlinda. Hapa umbali ndio upendo.
- Wimbo wa kila jioni unaonyesha kwamba malezi hayajakoma, ila yamebadilika umbo.
- Anamshikia mgonjwa simu kwa sababu anajua mzazi hutamani nini. Uzazi unaulisha uuguzi wake.
- Barua iliyo mkobani ni ishara ya mgogoro wa nafsi. Asiyejali haandiki barua ya namna hiyo.

Kila hoja itaje tukio, kisha ieleze tukio hilo linathibitisha nini. Kusimulia hadithi upya hakutakuletea alama.

Tanbihi ya mtahini

Kumtetea muuguzi kusikufanye uyafiche machozi ya mtoto. Mtoto anaumia kweli, na nyanya ana haki ya kusema anachokiona. Jibu bora hukiri gharama hiyo, kisha huonyesha kwamba aliyeisababisha si mama mbaya bali ni hali inayomdai mtu mmoja deni mara mbili.

Swali la ziada

Katika hadithi hii lawama yote inamwangukia mama. Baba, mwajiri na serikali wangepaswa kubeba sehemu gani ya mzigo huu? Jadili. (alama 10)