Kusoma Majibu ya Damu: Tarakimu na Maana Yake

Katika lugha ya kila siku husemwa kwamba mgonjwa fulani ana upungufu wa damu, au kwamba damu yake ni nane. Semi hizi mbili huelewa kila mtu, na pengine kwa sababu hiyohiyo humpotosha mwanafunzi wa uuguzi anayeanza kushika karatasi ya majibu kutoka maabara. Tarakimu inayosomwa hapo si kiasi cha damu kilichomo mwilini. Ni kipimo cha himoglobini, yaani protini yenye madini ya chuma ambayo hubeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, nayo hupimwa kwa gramu katika kila desilita moja ya damu. Kwa hiyo ni kipimo cha ukolezi. Chai iliyokolea ikimwagika nusu, iliyobaki kikombeni haipungui ukolezi wake. Kilichopungua ni chai yenyewe.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Na ichukuliwe hesabu ya mama aliyejifungua. Mwili wa mjamzito huongeza damu, hata aliyekaribia kujifungua aweza kuwa na lita 6 hivi, yaani desilita 60. Iwapo himoglobini yake ni gramu 12 kwa desilita, jumla ya himoglobini mwilini mwake ni gramu 720. Baada ya kujifungua anavuja damu lita moja na nusu. Amepoteza gramu 180. Amebakiwa na gramu 540 katika desilita 45. Mwanafunzi akigawanya atapata jibu lilelile: 12. Mama yu hatarini, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, ngozi imekuwa baridi na yenye jasho, lakini karatasi ya maabara yaonyesha damu njema. Ni baadaye tu, mwili unapovuta maji kutoka katika tishu na kuyaingiza katika mishipa, au anapotundikiwa dripu, ndipo ukolezi hushuka. Kama ujazo ukirudishwa kuwa lita 6 kwa maji pekee, gramu zilezile 540 zitaenea katika desilita 60, na kipimo kitasoma 9. Mama hakuvuja tena. Kilichobadilika ni maji.

Kutokana na hayo, muuguzi anayengoja himoglobini ishuke ndipo aite daktari amengoja kitu kisichofaa kungojwa. Katika saa za mwanzo za kuvuja damu, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, hali ya ngozi na wingi wa damu iliyomwagika husema mapema kuliko maabara.

Kinyume chake pia hutokea. Wakati wa ujauzito plazima, yaani majimaji ya damu, huongezeka zaidi kuliko chembe nyekundu, na hivyo ukolezi hupungua hata kwa mama mwenye afya na chembe nyingi kuliko zamani. Ndiyo maana kiwango ambacho chini yake mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu kimewekwa na Shirika la Afya Duniani kuwa gramu 11 katika miezi mitatu ya kwanza na ya mwisho, na gramu 10.5 katika miezi ya kati, ambapo kwa mwanamke asiye mjamzito ni gramu 12 na kwa mwanamume ni 13. Huko milimani hewa ina oksijeni haba, na mwili hufidia kwa kutengeneza himoglobini zaidi. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Mkazi wake hupunguziwa takriban gramu 1 katika kipimo chake kabla ya kulinganishwa na viwango hivyo. Mwanamke mwenye gramu 12.5 akiwa mkazi wa Dar es Salaam hana upungufu. Mwenzake mkazi wa Mbeya mwenye tarakimu ileile anao.

Hata upungufu ukishathibitika, himoglobini peke yake haitaji sababu. Hapa karatasi hutoa tarakimu nyingine mbili ambazo wanafunzi wengi huziruka: idadi ya chembe nyekundu, na hematokriti, yaani asilimia ya ujazo wa damu inayojazwa na chembe hizo. Kwa kuzigawanya hupatikana wastani wa ukubwa wa chembe moja. Wagonjwa wawili wana himoglobini ya gramu 7.8. Wa kwanza ana hematokriti ya asilimia 26 na chembe milioni 4 katika kila mikrolita. Ukubwa wa chembe zake ni 26 mara 10 gawanya kwa 4, yaani femtolita 65. Wa pili ana asilimia 24 na chembe milioni 2. Zake ni femtolita 120. Chembe ya kawaida huwa kati ya femtolita 80 na 100. Wote wawili wangeambiwa kwamba damu yao ni nane kasoro, na wote wangepewa vidonge vyekundu. Kumbe maradhi yao hayahusiani.

Wa kwanza ana chembe nyingi lakini ndogo. Kiwanda, ambacho ni uboho wa mifupa, kinafanya kazi ila kimekosa malighafi ya himoglobini, na aghalabu malighafi hiyo ni madini ya chuma. Safura hunyonya damu kidogo kidogo ukutani mwa utumbo kwa miezi na miaka, na chuma hutoka pamoja na damu hiyo. Lakini muuguzi wa Tanga au Kilifi asikate shauri upesi. Katika pwani hiyo watu wengi wamerithi alfathalasemia, hitilafu ya jeni ambayo nayo hufanya chembe kuwa ndogo bila chuma kupungua. Aghalabu haiwasumbui, na vidonge vya chuma havibadilishi urithi huo.

Wa pili ana chembe chache zilizovimba, kwa sababu uboho umekosa kinachohitajika ili chembe zigawanyike. Mwaka 1931 daktari Mwingereza Lucy Wills, aliyekuwa akichunguza wajawazito wa Bombay nchini India, alieleza kwamba upungufu wa namna hii ulipona kwa kulishwa dondoo la hamira. Kitu kilichoponya hakikujulikana wakati huo. Mwaka 1941 watafiti wa Marekani walikitenga kutoka katika majani ya spinachi na kukiita asidi ya foliki, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Mboga za majani zinazopikwa kupita kiasi, na maji yake yakamwagwa, hupoteza sehemu kubwa ya kitu hicho. Kukosekana kwa vitamini B12 huleta picha hiyohiyo, na daktari hana budi kuzitofautisha.

Kuhusu chembe nyeupe, jambo moja lastahili kuangaliwa kuliko mengine. Vitabu vingi vinavyotumika mashuleni viliandikwa Ulaya na Marekani, na viwango vyake vya kawaida vilipatikana kwa kupima watu wa huko. Aina moja ya chembe nyeupe, neutrofili, ambayo hupambana na bakteria, huhesabiwa katika vitabu hivyo kuwa pungufu ikiwa chini ya 1,500 katika mikrolita. Waafrika wengi wenye afya kamili wako chini ya hapo. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba sababu yake ni badiliko katika jeni iitwayo Duffy, ileile ambayo mwaka 1976 ilithibitika kuwa kukosekana kwa protini yake kwenye chembe nyekundu huzuia malaria ya aina ya vivax kuziingia. Basi mtu aliyerithi kinga ya kale huandikwa mgonjwa kwa kuwa kipimo kilishonwa kwa mwili wa mtu mwingine. Wapo wagonjwa ambao dawa zao za saratani zimepunguzwa au kusimamishwa kwa sababu hiyo pekee. Eosinofili zilizozidi zina habari tofauti. Katika nchi zetu huelekeza kwanza kwenye minyoo na kichocho, kisha kwenye pumu na mizio.

Na hata kiwango kilichotungwa vizuri kina mpaka wake. Kwa kawaida huwekwa ili kuchukua asilimia 95 ya watu wenye afya, maana yake mmoja katika kila 20 huachwa nje ingawa haumwi. Mtu mzima wa afya akipimwa vipimo 20 visivyotegemeana, uwezekano wa kimoja angalau kutoka nje ya mpaka ni 1 kutoa 0.95 kuzidishwa kwa yenyewe mara 20, yaani asilimia 64. Alama ya nyota pembeni mwa tarakimu si utambuzi wa ugonjwa.

Mashine nyingi za kuhesabia chembe hufuata kanuni ambayo Mmarekani Wallace Coulter alipewa hataza yake mwaka 1953: chembe hupita mojamoja katika tundu dogo lenye mkondo wa umeme, na kila moja huukatiza mkondo kwa kadiri ya ukubwa wake. Mashine hiyo haijui damu ilitoka wapi wala ilichukuliwaje. Damu ikivutwa kutoka katika mkono wenye dripu, huhesabu maji ya dripu pamoja na damu, na mgonjwa huonekana kapungukiwa na kila kitu kwa pamoja. Chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda isipogeuzwageuzwa taratibu mara baada ya kujazwa, chembe sahani hushikamana mafungu mafungu. Mashine huona chache, na mtu mwenye 250,000 katika mikrolita huandikiwa 40,000. Katika hali hiyo fundi wa maabara hupaka tone la damu kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini, ambapo mafungu hayo huonekana wazi, na muuguzi huombwa alete damu nyingine, kutoka mkono usio na dripu.