Kitabu Katika Chumba cha Wageni

Msafiri akishuka Mwanza jioni na kutafuta mahali pa kulala, Kirumba hakosi. Nyumba za wageni ni nyingi huko, hata karibu na Mwaloni, soko la samaki, ambako wachuuzi wa dagaa hutoka Kongo, Rwanda, Burundi na mikoa yetu ya ndani. Chumba ni kidogo: kitanda, chandarua, meza, ndoo ya maji. Na katika baadhi ya vyumba, juu ya meza au ndani ya mtoto wa meza, kimo kitabu ambacho mgeni hakukileta yeye: Agano Jipya pamoja na Zaburi, au pengine Biblia nzima.

Desturi hiyo ilianza Marekani. Mwaka 1898, katika hoteli ya mji mdogo wa Boscobel, jimbo la Wisconsin, wafanya biashara wawili wasiojuana, John Nicholson na Samuel Hill, walilazimika kulala chumba kimoja kwa kuwa hoteli ilikuwa imejaa. Wakasali pamoja. Mwaka uliofuata, pamoja na mwenzao wa tatu, Will Knights, wakaanzisha chama, wakakipa jina la Gideoni, yule mwamuzi wa Israeli. Mwaka 1908 Biblia 25 za kwanza ziliwekwa katika Superior Hotel, jimbo la Montana. Na tangu hapo chama hicho kimekwisha kugawa Maandiko zaidi ya bilioni 2 duniani, mahotelini, mahospitalini, mashuleni na magerezani. Wagideoni ni Waprotestanti, na Biblia yao ina upungufu kuliko yetu: havimo vitabu saba, kikiwamo kile cha Tobiti, ambacho tutakirudia. Hata hivyo hatuwaonei kijicho. Kitabu kilicho katika mtoto wa meza chaweza kufunguliwa na yeyote. Kile kilicho kabatini mwa Wakatoliki wengi, kimefunikwa kitambaa cheupe, hungoja siku ya harusi.

Nani hukisoma? Mchuuzi aliyeshinda juani akifunga magunia hasomi usiku, hulala. Anayesoma ni yule asiyeweza kulala. Hao wako wa aina nyingi, na mmoja wao twataka kumtaja leo. Ni mtoto wa nyumba ya Kikatoliki, aliyebatizwa akiwa mchanga, akapata Kipaimara, pengine alitumikia altareni. Tangu kubalehe amejiona anavutwa na watu wa jinsia yake. Hakulitafuta jambo hilo wala hakulichagua, akalificha. Siku lilipojulikana nyumbani, baba alimtupia nguo zake nje. (Au ni binti, hayo huwapata mabinti pia, na mara nyingi jawabu la jamaa kwao ni kuwaoza haraka.) Hatusimulii habari za mtu fulani, twasema juu ya wengi. Mwezi wa Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule alipowataka wananchi wampelekee majina ya watu wa namna hiyo, serikali ilitangaza baada ya siku chache kwamba huo haukuwa msimamo wake. Lakini hofu ilikuwa imekwisha kuingia, na watu wakahama makwao kwenda kujificha.

Basi huyo naye yumo chumbani, na kitabu kiko mbele yake. Katika Biblia nyingi za Wagideoni, kurasa za mwanzo huonyesha mahali pa kusoma mtu akiwa na huzuni, akiwa mpweke, akijaribiwa. Yeye haendi huko. Huenda moja kwa moja kwenye maneno aliyokwisha kutupiwa usoni: Waraka wa kwanza kwa Wakorinto, mlango wa 6, Waraka kwa Warumi, mlango wa 1, na kama ni Biblia nzima, Mambo ya Walawi, na habari ya Sodoma. Asoma peke yake saa nane ya usiku, kisha afunga kitabu. Wako wanaokata shauri usiku kama huo kwamba Mungu hawataki tena. Na mtu aliyekwisha kuamini hivyo, akiwa peke yake katika chumba kilichofungwa kwa ndani, yumo hatarini kweli kweli. Hapo ndipo penye uzito wa haya tunayoandika.

Je, Maandiko yamekosea? Hasha. Lakini yapasa yasomwe yote. Katika orodha ile ya Mtume Paulo kwa Wakorinto wamo pia wevi, wachoyo, walevi na watukanaji, nao husemwa kwa pumzi ile ile. Wapigao kelele neno moja la orodha hiyo barabarani hulipita upesi neno la watukanaji. Na mstari ufuatao wawaambia Wakorinto kwamba baadhi yao walikuwa watu wa namna hizo, nao wakaoshwa na kutakaswa. Barua hiyo basi imeandikwa kwa watu wa ndani ya Kanisa. Mambo ya Walawi, mlango wa 20, waamuru kifo pia kwa mzinzi na kwa mtoto aliyewalaani wazazi; wala hatujasikia mtu akidai hukumu hiyo itekelezwe kwa wazinzi wa mitaa yetu. Na Sodoma? Watu wa mji ule walitaka kuwatenda jeuri wageni waliopokewa nyumbani kwa Lutu. Nabii Ezekieli, mlango wa 16, akiutaja uovu wao, ataja kiburi, shibe, na kutowashika mkono maskini. Wenye nyumba za wageni wangeielewa habari hiyo upesi kuliko wengi wetu.

Lakini nani amwambie hayo yule wa chumbani? Twaona hapa tofauti kati yetu na desturi ile ya kuweka kitabu na kwenda zako. Kitabu cha Matendo ya Mitume, mlango wa 8, chasimulia habari za msafiri mwingine aliyesoma peke yake. Alikuwa towashi, mkuu wa hazina ya malkia wa Wakushi, naye akirudi kutoka Yerusalemu alikuwa akisoma Nabii Isaya garini mwake. Filipo alikimbia akalifikia gari, akamwuliza kama ayaelewa asomayo. Akajibu, ataelewaje pasipo mtu wa kumwongoza? Ndipo Filipo akapanda akaketi naye.

Msomaji aangalie mtu huyu alikuwa nani. Torati, katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 23, ilimkataza mtu aliyehasiwa asiingie katika kusanyiko la Bwana. Alikuwa amesafiri mwendo mrefu kwenda kuabudu katika Hekalu ambalo sheria yake ilimweka nje, kwa sababu ya mwili wake. Na kitabu alichokishika, kama angeendelea kukikunjua, kingemfikisha mlango wa 56, ambapo Mungu awaahidi matowashi mahali nyumbani mwake na jina lililo bora kuliko kuwa na wana. Hatusemi kwamba jambo la towashi na la kijana wetu ni moja. Twasema kwamba mtu aliyejidhania amefungiwa mlango alisoma Maandiko bila kuyaelewa mpaka mtu mwingine alipokubali kuketi kando yake. Na alipouliza ni kitu gani kimzuiacho asibatizwe, Filipo hakutaja kizuizi. Wakashuka majini wote wawili.

Sasa twende kwenye mafundisho, maana msomaji atauliza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, nambari 2357 mpaka 2359, yafundisha kwamba tendo la ndoa ni la mume na mke, na kwamba matendo ya watu wa jinsia moja hayawezi kukubaliwa. Sisi hatuyafichi hayo wala hatuna mamlaka ya kuyapunguza. Mwelekeo wenyewe Kanisa lasema haukupangika sawasawa, lakini haliuiti dhambi. Kisha Katekisimu hiyo hiyo yaagiza kwamba watu hao wapokewe kwa heshima, huruma na upole, na kwamba kila namna ya kuwabagua isivyo haki iepukwe. Yawaita waishi katika usafi wa moyo, na katika misaada inayotaja umo urafiki wa kweli usiotafuta faida, pamoja na sala na neema ya sakramenti. Urafiki! Kanisa lamwekea mtu huyu njia nzito, tena lautaja urafiki katika misaada ya kuiendea. Baba amfukuzaye mwanawe kwa jina la mafundisho hayo amemnyang'anya msaada ule ule ambao mafundisho yanauagiza.

Wako pia wanaouliza kama mtu wa namna hiyo aweza kuwa Mkatoliki. Amekwisha kuwa. Ubatizo haufutiki, wala hauombewi ruhusa kila mwaka.

Jamaa wengine husema: mwoze, yataisha. Tunawasihi wazazi wasithubutu. Ndoa ni sakramenti, wala haikuwekwa iwe dawa ya kujaribia. Binti wa watu atakayeletwa nyumbani humo hakuuliza kuwa dawa ya mtu, naye ataishi miaka mingi akijiuliza amekosa nini. Wengine humpeleka kijana kuombewa kwa kelele na kupigwa ili pepo atoke. Kipigo hakikupata kuwa sakramenti. Na padre ajiwaye na kijana wa namna hii asianze kwa kumwuliza majina ya wenzake. Ampe nafasi ya kusema, na yale ayasemayo katika kitubio yako chini ya siri ambayo hakuna mkuu yeyote awezaye kuifungua.

Juu ya sheria ya nchi tutasema kwa kifupi. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ni urithi wa serikali ya Kiingereza. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, adhabu yake yafika kifungo cha maisha, na si chini ya miaka 30. Mwezi wa Januari 2023, siku chache kabla ya kuzuru Kongo na Sudan Kusini, Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alieleza kwamba kuwa na mwelekeo huo si jinai, na kwamba yafaa kutofautisha dhambi na jinai. Maaskofu wa Afrika, katika barua ya Januari 2024 iliyotiwa sahihi na Kadinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, walikataa kubariki miungano ya watu wa jinsia moja. Wengi walishangilia hapo wakaacha kusoma. Barua hiyo hiyo yasema watu hao watendewe kwa heshima na kwa kujali utu wao.

Lakini, atasema mtu, sisi ni wa Ziwa hili, na Mashahidi wa Uganda je? Swali ni la haki. Karoli Lwanga na wenzake waliteketezwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Ni kweli kwamba vijana wa ikulu waliyakataa matakwa ya Kabaka Mwanga juu ya miili yao, na kwamba Yosefu Mukasa, aliyewalinda, aliuawa kabla yao, Novemba 1885. Yule aliyedai alikuwa mfalme mwenye nguvu ya kuua; waliodaiwa walikuwa vijana waliokuwa chini ya mkono wake. Anayewataja Mashahidi ili kumpiga kijana asiyemshurutisha mtu amewageuza wauawao kuwa wauaji.

Na habari haikuishia Namugongo, iliishia kwetu. Mwezi wa Septemba 1888 Mwanga mwenyewe aliondolewa kitini. Alikimbia kwa mitumbwi akavuka Ziwa mpaka Magu, akakaa mikononi mwa wafanya biashara Waarabu, kisha akatoroka. Akaenda wapi? Akaenda Bukumbi, kusini ya mji wa Mwanza, kwenye misioni ambayo Mapadre Weupe walikuwa wameijenga mwaka 1883. Miongoni mwa Mapadre waliokuwako wamo waliofukuzwa Buganda, waliowajua na kuwafundisha wale vijana. Miaka miwili na kitu ilikuwa imepita tangu moto ule. Mtu aliyeuwasha alisimama mlangoni, mkimbizi, na Mapadre walimpokea. Ukitoka Kirumba asubuhi, Bukumbi utafika kabla ya adhuhuri. Kama mlango ule ulifunguka kwa Mwanga, tungependa kusikia ni kwa sababu gani mlango wa nyumba ya Kikatoliki ufungwe kwa mtoto aliyezaliwa humo.

Tuliahidi kurudi kwa Tobiti. Ni mzee kipofu anayemtuma mwanawe Tobia safari ya mbali, nchi ya Wamedi. Kabla hajamwacha aende, amwagiza atafute mtu wa kufuatana naye. Na mwenzi aliyepatikana, ambaye wao walimdhania mtu tu, ni malaika Rafaeli. Hata mbwa wa nyumbani alikwenda nao. Tobia alipochelewa kurudi, mama yake, Ana, alitoka kila siku kuitazama njia aliyokwenda mwanawe, wala hakusikia la mtu aliyemwambia anyamaze. Kitabu hicho hakimo katika zile Biblia za vyumbani; kimo katika zetu, baada ya Nehemia. Kina milango 14, na familia yaweza kukimaliza kwa jioni mbili.