Somo la Matibabu: Nani Hutibiwa Bure, na Nani Husaidiwa Gharama

Wasomaji wetu wa Ufipa wajua vema jinsi masika yanavyofanya njia za kuteremka Lyambalyamfipa kuwa ngumu, na jinsi mgonjwa wa bonde la Rukwa anavyotaabika kufikishwa penye daktari. Lakini mara nyingi si njia imzuiayo mgonjwa, bali ni hofu ya malipo. Husema moyoni, "Nikifika huko nitaulizwa fedha, nami sina." Basi hukaa nyumbani, hujaribu dawa hii na ile, na hata achukuliwapo, ugonjwa umekwisha kuota mizizi. Wengine huuza magunia ya mahindi waliyoweka kwa chakula cha mwaka, au ng'ombe mmoja waliye naye, kulipia jambo ambalo kwa taratibu za serikali hawakupasiwa kulilipia.

Hasara hiyo yatokana na kutojua. Kwa hiyo leo tumeona vema kueleza jambo hili moja baada ya moja, ili wenyeviti wa vijiji, watendaji na walimu wapate kulisoma mbele ya watu, na kila mtu ajue lililo lake.

Asili ya malipo

Zamani kabla ya Uhuru, matibabu katika nchi yetu yalikuwa machache sana. Zahanati nyingi za vijijini ziliwekwa kwa fedha za hazina za wenyeji, na pande nyingi zilitegemea misheni. Wazee wetu wamkumbuka Daktari Adrian Atiman, mtu aliyezaliwa Afrika ya Magharibi, akachukuliwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na kusomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Jina lake limewekwa juu ya hospitali ya misheni iliyoko Sumbawanga mjini.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, na zaidi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilishika njia ya kutibu watu bila malipo. Lakini watu waliongezeka, dawa zikapanda bei, na fedha za serikali hazikutosha. Basi tangu mwaka 1993 wananchi walianza kuchangia gharama, kwanza katika hospitali kubwa, kisha katika zile ndogo. Hapo ndipo palipotokea swali: Je, asiye na kitu aachwe afe? Serikali ilijibu kwa kuweka msamaha. Kwa hiyo tufahamu tangu mwanzo kwamba msamaha si sadaka ya mganga, wala si upendeleo wa karani. Uliwekwa pamoja na malipo yenyewe, ili malipo yasimfungie maskini mlango.

Namna mbili za msamaha

Msamaha ni wa namna mbili, na watu wengi huzichanganya.

Namna ya kwanza ni msamaha wa kundi. Mtu husamehewa kwa sababu ya hali au ugonjwa wake, haulizwi kama ni tajiri au maskini. Katika kundi hili wamo wajawazito, kwa matibabu ya ujauzito na kujifungua, na watoto walio chini ya miaka 5. Kadhalika wamo wagonjwa wa kifua kikuu, wa ukoma, na wenye virusi vya UKIMWI, ambao dawa za maradhi hayo hupewa bure. Chanjo za watoto nazo ni bure, na huduma za uzazi wa mpango vilevile. Yakizuka maradhi ya kuambukiza kama kipindupindu, wagonjwa wake hutibiwa bila malipo, kwa kuwa mmoja akiachwa kwa kukosa fedha, kijiji kizima huwa hatarini.

Namna ya pili ni msamaha wa asiyejiweza. Huyu hayumo katika makundi yale, lakini ni maskini kweli: pengine ni mlemavu asiye na kazi, au mjane mwenye watoto wengi na shamba dogo, au yatima asiye na mlezi. Msamaha huu hauji wenyewe; ni lazima uombwe na kuthibitishwa.

Wazee wa miaka 60 na zaidi wasimama katikati ya namna hizi mbili. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na Sera ya Afya ya mwaka 2007 zasema kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bure. Angalieni maneno hayo mawili: umri na kukosa uwezo. Mzee mwenye pensheni njema au mwenye duka kubwa hakukusudiwa. Ndiyo sababu halmashauri huwaandikisha wazee wasiojiweza na kuwapa vitambulisho vya matibabu.

Namna ya kupata msamaha

Tufanye mfano. Bibi mmoja wa kijiji cha bondeni, mwenye umri wa miaka 70, hana mtoto wa kumtunza, naye ameshikwa na uvimbe wa tumbo. Afanye nini?

Kwanza, aende au apelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji chake, amjuaye hali yake. Mwenyekiti amfikishe kwa mtendaji wa kijiji, naye amwandikie barua yenye jina lake, umri wake, mahali akaapo, na maneno ya kuthibitisha kwamba hajiwezi. Barua ipigwe mhuri. Kama bibi ana kitambulisho cha taifa, kadi ya kupigia kura, au hata cheti cha ubatizo, achukue pamoja nayo, maana vyote hivyo husaidia kuonyesha umri.

Pili, aanze katika zahanati ya karibu. Mganga mfawidhi akiona kwamba ugonjwa wapita uwezo wake, atampa barua ya rufaa kwenda kituo cha afya, au hospitali ya wilaya, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Sumbawanga. Huko akishindikana, hupelekwa Mbeya, na pengine hata Muhimbili, Dar es Salaam. Barua ya rufaa isipotee, kwa kuwa mtu arukaye ngazi bila barua aweza kutozwa malipo ambayo mwenzake hakutozwa.

Tatu, afikapo hospitali, asikae kimya mbele ya dirisha la malipo. Aseme, "Naomba kumwona afisa ustawi wa jamii." Huyo ndiye mwenye kazi ya kupima habari zake na kuidhinisha msamaha. Wengi hurudi nyumbani kwa sababu hawakujua kwamba yuko mtu wa namna hiyo.

Kama mgonjwa yu katika hatari ya kufa, jambo la kwanza ni kumtibu. Habari za barua na malipo hufuata baadaye. Jamaa zake wasikawie kijijini siku mbili kumngojea mtendaji aliyesafiri. Mmoja na amchukue mgonjwa, na mwingine abaki kufuata barua.

Mipaka ya msamaha

Hatutaki kuwadanganya wasomaji wetu. Msamaha haulipi nauli ya gari wala chakula cha msindikizaji. Tena mara nyingine dawa hazipo, na mgonjwa huandikiwa akanunue dukani. Hapo msamaha wake hauna nguvu, maana mwenye duka hajui msamaha. Katika hospitali za misheni, msamaha hufuata mapatano kati ya hospitali hiyo na serikali. Yafaa kuuliza kabla. Kwa hiyo familia yenye busara haitegemei msamaha peke yake.

Habari za bima

Bima ni kuweka akiba pamoja na wenzako mkiwa wazima, ili atakayeugua asaidiwe na wote. Jambo hili si geni kwetu. Ndivyo tufanyavyo katika vyama vya kuzikana. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa kwanza Igunga katika miaka ya 1990, na sheria yake ikatungwa mwaka 2001. Mwaka huo huo wa 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi kwa watumishi wa serikali. Mwaka 2018 Mfuko wa Afya ya Jamii ulitengenezwa upya, ada ikapangwa kuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6, kwa matibabu tangu zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa.

Kisha mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria hiyo yataka kila mtu awe na bima, tena yaweka mfuko wa kuwalipia wasiojiweza, na mojawapo ya vyanzo vyake ni sehemu ya ushuru wa vitu kama vileo na vipodozi. Kwa kuwa sheria hii yabadili taratibu za zamani, mtu asitoe fedha kwa kusikia maneno ya njiani. Aulize katika ofisi ya kijiji au zahanati: ada ni kiasi gani, yatibu maradhi gani, na katika hospitali zipi. Akilipa, adai stakabadhi.

Wakati mwema wa kulipa ni baada ya mavuno, mahindi na maharage yakiwa yameuzwa. Angojaye mpaka homa ishike hukuta fedha zimekwisha.

Wajibu wa wakuu wa vijiji na walimu

Maneno ya mwisho twayaelekeza kwa wenye mhuri. Ninyi ndio lango la msamaha. Mtendaji akimwandikia barua ndugu yake mwenye ng'ombe 30, amechukua dawa mkononi mwa mjane, kwa maana dawa za zahanati zina hesabu. Naye akimzungusha maskini, "Njoo kesho, njoo keshokutwa," au akimtaka kitu kidogo kwanza, amefanya dhambi na kosa la sheria pia. Yafaa majina ya wasiojiweza yasomwe katika mkutano wa kijiji, watu wote wakisikia. Jirani humjua jirani yake. Hapo asiyestahili huona haya, na astahiliye hasahauliwi.

Nanyi walimu, mwajua kusoma kwa ajili ya wasiojua. Andikeni makundi ya msamaha ubaoni, watoto wayanakili na kuyasoma nyumbani kwa bibi na babu zao. Mtoto wa darasa la tano aweza kuokoa maisha ya mama yake mjamzito kwa kumwambia tu kwamba kujifungua katika zahanati hakuna malipo.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Basi aulize kila mmoja mapema, angali mzima, barua zake zikiwa tayari sandukuni, ili siku ya ugonjwa isimkute akitafuta mhuri.