Mtoto Aliyebaki Songwa: Njia za Kisheria za Kumpeleka kwa Wazazi Wenye Ukaazi wa Kudumu Ughaibuni

Kijitabu hiki kimekusudiwa kwa familia za Songwa, Mwadui, Kahama na ukanda wa migodi ya dhahabu wa Geita ambazo mzazi mmoja au wote wawili wamekwishapata ukaazi wa kudumu au uraia katika nchi ya kigeni, ilhali mtoto wao amebaki nyumbani akilelewa na bibi, mama mkubwa au mlezi mwingine. Ukaazi wa kudumu ni haki anayopewa mgeni ya kuishi na kufanya kazi katika nchi fulani bila ukomo wa muda, pasipo kuwa raia wa nchi hiyo. Nchini Marekani huthibitishwa kwa kadi ambayo wengi huiita grini kadi. Hoja inayoongoza maelezo yote yafuatayo ni kwamba hatima ya ombi la kumpeleka mtoto kwa wazazi wake huamuliwa zaidi na mambo mawili yanayotangulia safari ya ubalozini, yaani tarehe ambayo ombi liliwasilishwa na usahihi wa cheti cha kuzaliwa, kuliko inavyoamuliwa na ufasaha wa majibu siku ya usaili.

Nani huhesabiwa kuwa mtoto

Katika jamii ya Wasukuma, kama ilivyo kwa jamii nyingi za Tanzania, mtoto wa kaka au wa dada ni mtoto wa nyumba hiyo hiyo, na baba mdogo aliyemlea tangu utotoni huitwa baba pasipo ufafanuzi wowote. Sheria za uhamiaji za nchi za Magharibi hazifuati mpango huo wa ukoo. Zinamtambua mtoto wa kuzaliwa, mtoto wa kambo kwa masharti maalumu, na mtoto aliyeasiliwa, yaani aliyefanywa mtoto wa mtu mwingine kwa amri ya mahakama. Nchini Tanzania kuasili kunaongozwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na muhtasari wa kikao cha ukoo au barua ya mtendaji wa kijiji, hata ikiwa na mhuri, haiwezi kuchukua nafasi ya amri ya mahakama. Marekani inaongeza kwamba uasili uwe umekamilika kabla mtoto hajafikisha miaka 16, na kwamba mzazi aliyemwasili awe ameishi naye na kuwa na haki ya kumlea kwa muda wa miaka 2. Kwa mtoto wa kambo, ndoa iliyounda uhusiano huo iwe ilifungwa kabla mtoto hajafikisha miaka 18.

Ukomo wa umri nao unatofautiana. Uingereza humhesabu mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18, Marekani chini ya miaka 21, na Kanada, tangu Oktoba 2017, chini ya miaka 22. Nchi zote tatu hutaka mtoto awe hajaoa au hajaolewa, na sharti hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila, hivyo binti aliyetolewa mahari ya ng'ombe na kuhamia kwa mume anaweza kuhesabiwa kuwa ameolewa ingawa hakuna cheti cha kanisa, msikiti wala bomani. Nchini Marekani, ndoa ya mtoto wa mzazi mwenye ukaazi wa kudumu hufuta ombi lake. Mtoto wa raia halipotezi ombi kwa kuoa au kuolewa, bali huhamishiwa kundi lenye foleni ya miaka mingi.

Marekani

Mzazi anayeishi Marekani huanza kwa kuwasilisha fomu I-130, ambayo ni ombi la kuthibitisha uhusiano wa damu au wa kisheria kati yake na mtoto. Mtoto wa raia wa Marekani aliye chini ya miaka 21 na asiye na mwenzi huwekwa katika kundi la ndugu wa karibu, ambalo halina ukomo wa idadi ya viza kwa mwaka, na umri wake husimama siku ombi linapopokelewa. Mtoto wa mwenye grini kadi yuko katika kundi jingine, lenye ukomo wa idadi na kwa hiyo lenye foleni. Kwake, umri hupigwa kwa hesabu iliyowekwa na sheria ya mwaka 2002 ya kulinda hadhi ya watoto: umri alionao siku viza inapopatikana hupunguzwa muda ambao ombi lilikaa likishughulikiwa, na familia hupewa mwaka mmoja wa kuchukua hatua tangu viza ipatikane. Mzazi anayepata uraia kabla mtoto hajafikisha miaka 21 kwa kawaida humsaidia, kwa kuwa mtoto huhamia kundi la ndugu wa karibu na umri wake husimama siku mzazi alipoapishwa.

Kuna tofauti moja inayozipotosha familia nyingi. Mwenye grini kadi anayemwombea mke au mume wake anaweza kumwingiza mtoto wao katika ombi hilo hilo, lakini raia anayemwombea mwenzi wake katika kundi la ndugu wa karibu hawezi kufanya hivyo, na lazima awasilishe ombi la pekee kwa kila mtoto. Aliyeingia Marekani akiwa mkimbizi, au aliyepewa hifadhi akiwa huko, ana njia tofauti kupitia fomu I-730, ambayo kwa kawaida huwasilishwa ndani ya miaka 2 tangu apate hadhi hiyo.

Kukubaliwa kwa ombi si kupewa viza. Hatua ya pili huhusisha hati ya udhamini wa kifedha ya mzazi, uchunguzi wa afya kwa daktari aliyeteuliwa na ubalozi, na usaili jijini Dar es Salaam. Aidha, Desemba 2025 serikali ya Marekani iliiweka Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamewekewa vizuizi vya kuingia nchini humo, zikiwemo viza za ukaazi, kwa hiyo kila familia inapaswa kuuliza hali ilivyo katika ubalozi wenyewe kabla ya kulipa ada yoyote.

Uingereza

Kanuni ya Uingereza kwa mtoto wa wazazi wenye ukaazi wa kudumu ni nyepesi pale wazazi wote wawili wanapoishi huko. Inakuwa ngumu pale mzazi mmoja yuko Uingereza na mwingine yuko hai nchini Tanzania, kwa kuwa mzazi aliyeko huko hutakiwa kuthibitisha kwamba ndiye pekee mwenye wajibu wa malezi, au kwamba kuna sababu nzito za kifamilia zinazofanya kumnyima mtoto viza kuwe kumwonea. Wajibu huo haupimwi kwa nani anampikia mtoto wala nani analala naye chumba kimoja. Unapimwa kwa nani anaamua mambo makubwa ya maisha yake: nani alichagua shule, nani aliridhia upasuaji hospitalini, nani mwalimu mkuu humpigia simu mtoto anapoharibikiwa. Bibi anayemlea mjukuu Songwa kwa maelekezo ya mama aliyeko Leicester hamvunjii mama huyo haki yake, ila fedha pekee haziithibitishi, kwani hata mjomba mwema hutuma ada. Kwa sababu hiyo taarifa za miamala ya simu zinapaswa kuambatana na barua ya shule inayomtaja mama kuwa ndiye anayewasiliana nayo, fomu za matibabu, na mawasiliano ya miaka kadhaa kati ya mama na mlezi.

Baba anayeishi mji wa jirani na kumtembelea mtoto kila sikukuu, akichangia uamuzi wa masomo yake, huidhoofisha hoja hiyo, na kumficha katika fomu ni kosa kubwa kuliko kuwepo kwake. Aliyefariki athibitishwe kwa cheti cha kifo.

Ombi huwasilishwa mtoto akiwa bado hajafikisha miaka 18, na hakataliwi kwa sababu tu alitimiza umri huo wakati uamuzi ukisubiriwa. Mwombaji kutoka Tanzania hupimwa kifua kikuu katika kituo kilichoidhinishwa, na mzazi huonyesha kwamba ana makazi na kipato cha kumtunza mtoto bila kutegemea misaada ya serikali. Kabla ya yote hayo, hata hivyo, inafaa kuangalia mzazi alipata lini uraia: mtoto aliyezaliwa Tanzania baada ya mama yake kuandikishwa kuwa raia wa Uingereza kwa kawaida huzaliwa akiwa raia, na anachohitaji ni pasipoti ya Uingereza, si viza. Hivyo mtoto mdogo anaweza kuwa raia wakati kaka au dada yake, aliyezaliwa kabla mama hajaandikishwa, si raia.

Kanada

Kwa Kanada jambo la kusisitiza ni moja. Mhamiaji anapoomba ukaazi wa kudumu hutakiwa kumtaja kila mtoto wake na kuruhusu achunguzwe, hata yule asiyekusudiwa kusafiri naye, na kanuni humzuia mtoto ambaye hakutajwa asidhaminiwe baadaye katika kundi la familia. Wanaume waliozaa nje ya ndoa na kunyamaza kwa kuogopa ugomvi wa nyumbani wamewafungia watoto wao mlango kwa mkono wao wenyewe.

Cheti cha kuzaliwa

Hapa ndipo familia za Shinyanga na Geita hupata taabu zaidi. Karatasi anayopewa mama anapotoka wodini, iitwayo tangazo la kizazi, si cheti. Wala kadi ya kliniki si cheti. Cheti hutolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, chini ya Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, na usajili wa kawaida hufanyika ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya afya na ofisi za kata, ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na baadaye kufika Shinyanga na Geita, umeleta nafuu kubwa, lakini vijana wengi waliozaliwa kabla yake, hasa waliozaliwa nyumbani au katika makambi ya wachimbaji wadogo ambako familia huhama kila machimbo yanapofumuka, bado hawana cheti.

Cheti kilichotolewa mwaka jana kwa kijana wa miaka 15 ni halali, ila humfanya afisa wa viza atake ushahidi wa zamani zaidi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rejista ya darasa la kwanza. Ushahidi huo ndio mara nyingi hugongana. Mtoto aliandikwa Mabula katika kadi ya kliniki, akawa Emmanuel siku ya ubatizo, na shuleni akaandikishwa kwa jina la babu aliyempeleka. Pacha wawili wanaitwa Kulwa na Doto nyumbani na majina mengine kabisa kwenye vyeti. Tofauti hizo hurekebishwa kwa hati ya kiapo au kwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na zirekebishwe kabla ya kuwasilisha ombi, kwa kuwa maelezo yanayotolewa baada ya kuulizwa hupokelewa kwa shaka.

Tatizo jingine limetokana na mila ya mahari. Mtoto aliyezaliwa kabla ya ng'ombe kutolewa huhesabiwa kuwa wa ukoo wa mama yake, na mara nyingi husajiliwa kwa jina la babu mzaa mama, hata pale baba yake anapofahamika na kumtunza. Baba huyo akiwa Marekani au Kanada, cheti kinachomtaja mtu mwingine kuwa baba huliangusha ombi lake. Marekebisho rasmi RITA ndiyo njia ya kwanza, na pale shaka inapobaki ubalozi hupendekeza kipimo cha vinasaba, ambacho lazima kifanyike kwa utaratibu unaosimamiwa na ubalozi wenyewe. Majibu ya kipimo ambacho familia ilijifanyia mahali pengine hayatapokelewa.

Cheti hicho hicho ndicho msingi wa pasipoti, ambayo huombwa katika ofisi za Idara ya Uhamiaji za mikoa kwa kuambatanisha uthibitisho wa uraia wa mzazi na ridhaa yake. Izingatiwe pia kwamba mtoto anayeingia Marekani kwa viza ya ukaazi akiwa chini ya miaka 18, na kuishi chini ya malezi ya mzazi aliye raia, huwa raia wa huko papo hapo, ilhali Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

Wazazi wa kigeni walioko Shinyanga na Geita

Safari ya upande wa pili ni fupi kuieleza. Mgeni anayeishi Tanzania kwa kibali cha ukaazi, kiwe cha daraja A cha wawekezaji, B cha waajiriwa au C cha makundi mengine wakiwemo wanafunzi na watafiti, humwombea mtoto wake pasi ya mtegemezi kutoka Idara ya Uhamiaji, na uhai wa pasi hiyo hutegemea uhai wa kibali cha mzazi. Raia wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anayefanya kazi nchini ana haki ya kuambatana na mwenzi na watoto wake chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ingawa haki hiyo haimwondolei wajibu wa kuomba pasi.

Vishoka na nyaraka za kughushi

Umbali wa karibu kilomita 1,000 kati ya Shinyanga na Dar es Salaam umewapa nafasi vishoka wanaojidai kuwa na mtu wao ndani ya ubalozi, na wanaoshauri kijana wa miaka 23 apunguziwe umri au mpwa aandikwe kuwa mtoto wa kuzaa. Uingereza inaweza kumkatalia mwombaji aliyedanganya kwa muda wa hadi miaka 10, na sheria ya Marekani humfungia milango maisha yake yote, isipokuwa akipewa msamaha maalumu ambao haupatikani kwa urahisi. Fomu za serikali hizo hutolewa bure katika tovuti zao rasmi, na hakuna ofisa wa ubalozi anayepokea ada kwa simu ya mtu binafsi. Familia ambayo mtoto wake bado hana cheti cha kuzaliwa ianzie RITA wiki hii, kabla mzazi aliyeko ughaibuni hajajaza fomu yoyote.