Fundisho: Dawa ya Kiungulia Inafanya Nini Tumboni?

Mama wapendwa, wengi wenu munasema: "Mama muuguzi, nikilala kifua kinawaka moto." Leo tujifunze sababu.

1. Moto unatoka wapi?
Mungu aliweka ndani ya tumbo maji makali, jina lake asidi. Yanasaga chakula na kuua vijidudu vingi. Tumbo linayavumilia, lakini njia ya chakula haiwezi. Katikati yao kuna mulango. Ukilegea, asidi inapanda na kuunguza. Wakati wa mimba mulango unalegea zaidi, tena mutoto anasukuma tumbo juu.

2. Dawa inafanya nini?
Dawa za antiasidi zinapunguza ukali wa asidi iliyo tayari tumboni. Zinasaidia upesi, lakini hazikawii kuisha nguvu.
Omeprazoli inafanya kazi ingine. Ndani ya ukuta wa tumbo kuna pampu ndogo ndogo zinazotoa asidi, omeprazoli inazifunga. Umeze asubuhi, nusu saa mbele ya kula. Usiiache siku ya kwanza ukisema haina nguvu: ngoja siku tatu ao nne.
Lakini sikieni vizuri: dawa haifungi mulango. Chakula kinaweza kupanda tena, ila hakiunguzi sana. Kwa hiyo kula kidogo kidogo, ngoja masaa matatu kisha kula ndipo ulale, na inua kitanda upande wa kichwa kwa matofali.

3. Angalisho
Usinunue dawa sokoni na kuimeza miezi mingi. Asidi ikipunguka siku nyingi, vijidudu vya kuhara vinapita kwa urahisi, na nguvu ya vidonge vya damu haiingii vizuri mwilini. Antiasidi na kidonge cha damu visimezwe pamoja. Acha masaa mawili katikati. Mutoto muchanga anayetapika maziwa, usimupe dawa yako.

4. Usingoje kesho
Kuja hospitali upesi ukitapika damu, ukipata choo cheusi kinachonata kama lami, ao chakula kikikwama. Na mama mwenye mimba ya miezi mitano na zaidi: kama unaumwa juu ya tumbo, pamoja na kichwa kuuma sana ao macho kuona giza, usiseme ni kiungulia. Pengine tansio imepanda, nayo inaweza kuua mama na mutoto.

Maulizo
Asidi ina faida gani? Dawa inafunga pampu ao mulango? Mufundishe na jirani yako.