Kwa Nini Hariri ni Laini

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilichukua nguo nyingi, maana nguo ndizo zilizokuwa fedha ya njiani. Mizigo mingi ilikuwa ya merikani na kaniki. Lakini katika mizigo michache mlikuwamo vitambaa vya Maskati vilivyofumwa kwa pamba na hariri, navyo vilistahili watemi. Mtu aliyefumba macho aliweza kuvitambua kwa vidole tu. Je, vidole vilihisi nini?

Mtoto wa Ntalikwa na achukue pamba kidogo, aichambue. Ataona nyuzi fupi, urefu wake kama sentimeta 3. Ili ziwe uzi mrefu sharti zisokotwe pamoja, na ncha zake nyingi hubaki zimechomoza, kama mabua shambani baada ya mavuno. Ncha hizo ndizo zinazoigusa ngozi.

Hariri si hivyo. Kiwavi wa nondo fulani, alaye majani ya mforsadi, hutoa kinywani ute ambao hugeuka uzi kadiri anavyouvuta. Hujizungushia uzi huo mpaka amefichwa kabisa ndani ya kifuko. Uzi wenyewe ni mmoja tu, haukukatika popote, na urefu wake waweza kufika mita 1,000, yaani kilometa nzima! Nao ni mwembamba kuliko unywele. Hauna ncha njiani, wala magamba kama sufu ya kondoo. Basi kidole huteleza juu yake pasipo kukwama. Lakini mkono wenye sugu, kama wa mpagazi au mkulima, hukwama, kwa kuwa ngozi kavu yenyewe ndiyo inayozinasa nyuzi.

Hata hivyo, hariri iliyotoka kifukoni sasa hivi si laini. Kiwavi ameipaka gundi yake, nayo ikikauka huwa ngumu. Watu huichemsha katika maji ya sabuni, gundi ikatoka, ndipo ulaini unapoonekana.

Ulaini huo una gharama yake. Nusu kilo ya hariri mbichi hutaka vifuko zaidi ya 2,000, na wadudu waliomo huuawa kwa joto kabla hawajawa nondo. Nondo akiachwa atoke, hutoboa kifuko, na ule uzi mmoja huwa vipande vipande. Vipande hivyo havitupwi. Huchambuliwa na kusokotwa kama pamba. Aipapasaye hariri ya namna hiyo huona mara moja kwamba haitelezi kama ile nyingine, ijapokuwa kiwavi ni yule yule.