SOMO LA UPISHI: BRAUNI NA SHIRA YA TUI LA NAZI

Katika toleo hili tunaoka brauni, keki ile nyeusi, nzito na yenye unyevu ambayo wengi huiona mikahawani mjini wakadhani haipikiki bila oveni ya umeme. Asili yake ni Marekani, ambako mapishi yake yalianza kuchapishwa vitabuni mwanzoni mwa karne ya 20. Sisi wa Pwani tuna la kuiongezea: shira ya tui na sukari guru, ambayo ladha yake inakaribia sana karameli na haihitaji krimu ya dukani.

Somo hili limewalenga hasa wanaotaka kuoka ili wauze. Ukiwaharibia watoto wako nyumbani, watakula tu. Mteja hatarudi.

Kwa vipande 16 tayarisha siagi gramu 150, sukari gramu 250, kakao gramu 75, mayai 2, unga wa ngano gramu 80 na chumvi nusu kijiko cha chai. Kakao iwe ile chungu isiyotiwa sukari. Unga wa chokoleti ya kunywa haufai, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni sukari. Baking poda usitie. Ndiyo hufanya brauni kuwa keki ya kawaida.

Yeyusha siagi kwa moto mdogo, epua, kisha tia sukari, kakao na chumvi. Koroga, uache ipoe hadi uweze kuigusa bila kuungua, la sivyo mayai yataiva humo humo. Vunja yai moja baada ya jingine huku ukipiga kwa nguvu mpaka mchanganyiko ung'ae. Unga uingie mwisho, na ukishapotea machoni acha kukoroga. Mimina kwenye bati la mraba la sentimita 20 lililotandikwa karatasi ya kuokea. Sufuria ya mviringo yenye upana wa sentimita 22 hubeba karibu kiasi hicho hicho.

Mwenye oveni aoke kwa nyuzi 165 kwa dakika 25 hivi. Mwenye jiko la makaa apalie kama anavyopalia mkate wa sinia: sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, bati ndani yake, mfuniko, makaa machache chini na mengi kidogo juu. Huchukua dakika 30 hadi 35. Fanyia kazi hii nje au penye hewa ya kutosha, kwani makaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Brauni iliyoiva sawasawa huonekana kama haijaiva. Kingo zimeshikana, katikati bado ni laini, na kijiti ukichomeka hutoka na makombo yenye unyevu. Kikitoka na rojo, ongeza dakika 3. Kikitoka kikavu, umechelewa, na hakuna shira itakayoirudisha. Itoe, uiache ipoe kabisa kabla ya kukata. Ikiwa ya moto hubomoka.

Shira sasa. Kuna nazi 2 na ukamue tui la kwanza, zito, kikombe kimoja na nusu. Yeyusha sukari guru gramu 150 kwa maji vijiko 3, kisha chuja, maana mara nyingi huwa na mchanga na vipande vya miwa. Changanya na tui, tia chumvi kidogo, pika kwa moto mdogo dakika 20 hadi 25 ukikoroga bila kupumzika. Ikishika mgongo wa mwiko, na ukipitisha kidole alama ibaki, epua. Ikipoa itazidi kuwa nzito. Watoto wakae mbali. Shira hunata kwenye ngozi, na huunguza kuliko maji.

Tui halivumilii joto letu. Shira yangu ya kwanza niliimwaga juu ya brauni zote asubuhi, na jioni zilikuwa zimechacha. Siku hizi naiweka kwenye chupa safi ndani ya friji kwa siku 4 tu, na kila kipande kinamwagiwa wakati wa kuuzwa.

Kuhusu bei, andika kila kitu, hata makaa na boksi. Tuseme jumla ni shilingi 640. Ukigawa kwa 16, kila kipande kimekugharimu shilingi 40 kabla hujajilipa kazi yako. Anayeuza kwa 45 kwa sababu jirani anauza mandazi rahisi anafanya kazi karibu bure.

Fungasha kwa boksi au karatasi, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Mweleze mnunuzi kwamba ndani mna mayai, ngano, maziwa na nazi. Wapo wanaodhurika na vyakula hivyo. Kabla ya kuanza kuuza, fika ofisi ya afya ya umma iliyo karibu nawe upimwe na upewe cheti cha mhudumu wa chakula, kinachohuishwa kila baada ya miezi 6, kisha uulizie kibali cha biashara cha kaunti. Atakayetaka kupeleka brauni zilizofungashwa madukani atahitaji pia alama ya ubora ya KEBS.